Upachikaji wa Ngozi ya Nyoka katika Ala za Visu: Ufundi, Maana na Sheria katika Mwambao wa Ziwa Viktoria, Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ala ya kisu inavyotengenezwa kwa mkono kutokana na ngozi ya ng'ombe, na namna kipande cha ngozi ya nyoka kinavyopachikwa usoni pa ala hiyo. Mazingira yanayozingatiwa ni Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Hoja inayotetewa ni kwamba ufundi wa kupachika unakaa katika dirisha, ukingo na mshono, wala hautegemei nyoka. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuuhamishia kwenye ngozi ya sangara bila kupoteza jambo la msingi, ilhali kuendelea kutumia ngozi ya chatu kunamweka katika hatari ya kisheria isiyolingana kabisa na bei ya ala moja.

1.0 Utangulizi

Kisu ni chombo cha kila siku katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Mvuvi hukitumia kukata kamba na kupasua samaki, mfugaji wa Usukuma huchunia ng'ombe, na wachuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba, humpasua sangara kabla ya kumtia chumvi na kumfanya kayabo. Chombo kinachobebwa kiunoni namna hiyo kinahitaji nyumba, na nyumba yake ni ala. Ala iliyotengenezwa vibaya humgeukia mwenyewe: makali hukata uzi kutoka ndani, ncha hutoboa mshono, na siku moja kisu hujitokeza pajani.

Mwanza ina sababu za kutosha za kuwa mahali pa mjadala huu. Kanda yake ina ng'ombe wengi, na jijini kulijengwa kiwanda cha ngozi cha Mwanza Tanneries, ambacho pamoja na vile vya Morogoro na Moshi kilikuwa miongoni mwa viwanda vya umma vya kusindika ngozi kabla ya ubinafsishaji. Mafunzo ya teknolojia ya ngozi yamebaki: Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) inayatoa katika Kampasi yake ya Mwanza. Aidha, jiji hilo ni kitovu cha viwanda vya minofu ya sangara, na mabaki ya viwanda hivyo yataingia katika mjadala kwa nguvu sehemu ya mwisho. Kati ya ng'ombe na samaki yumo nyoka, ambaye katika ukanda huu si mnyama wa kawaida hata kidogo.

2.0 Istilahi chache

Neno ala lina maana mbili zisizohusiana: chombo, kama katika ala za muziki, na kifuko cha kuhifadhia kisu, jambia, sime au upanga. Katika maana hii ya pili lipo pia neno uo. Makala haya yanatumia ala kwa maana ya kifuko peke yake.

Kwa kazi ya kuingiza kitu cha namna moja ndani ya kitu cha namna nyingine kwa ajili ya pambo, Kiswahili kina neno njumu, linalotumika zaidi kwa mbao na madini, kama vile vipande vya fedha au pembe vinavyotiwa katika kiti au kitako cha bunduki. Mtu angeweza kusema "ala yenye njumu ya ngozi ya nyoka" na akaeleweka. Hata hivyo, njumu huelekea kumaanisha kitu kigumu kinachogongomewa, na ngozi haigongomewi. Kwa hiyo yametumika hapa maneno kupachika na upachikaji. Uwazi unaokatwa usoni pa ala ili ngozi ya pili ionekane unaitwa dirisha. Kifaa cha kutobolea ngozi ni msharasi, kama kinavyojulikana kwa mafundi viatu.

3.0 Ngozi ya mwili wa ala

Si kila ngozi ya ng'ombe hufaa kuwa ala. Ngozi nyingi zinazosindikwa viwandani leo husindikwa kwa chumvi za kromu. Ni laini, hustahimili maji, na hufaa viatu na mikoba, lakini haishiki umbo: ikilowekwa na kufinyangwa juu ya kisu hurudi kuwa bapa. Tena chumvi zinazobaki ndani yake huweza kuchochea kutu. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini ya mimea ndiyo inayofaa. Ikilowa huwa kama udongo wa mfinyanzi. Ikikauka hubaki na umbo ililopewa.

Tanini hupatikana katika magome, majani na matunda ya miti mingi. Nchini Tanzania chanzo chake kikubwa cha kibiashara ni magome ya miwati, ambayo Tanganyika Wattle Company, iliyoanzishwa mwaka 1949, imekuwa ikiyakamua huko Njombe. Karibu zaidi na Mwanza, katika mbuga za Shinyanga, humea mgunga ujulikanao kisayansi kama Vachellia nilotica, ambao maganda ya matunda yake yana tanini nyingi na yametumika kusindika ngozi katika nchi kadhaa, hasa Sudani.

Tanini ina tabia moja ambayo kila fundi wa ala hana budi kuijua: ikikutana na chuma penye unyevu, hutoa rangi nyeusi. Wapaka rangi huitumia kwa faida yao, maana misumari iliyolowekwa katika siki hutoa maji yanayoigeuza ngozi ya tanini kuwa nyeusi tii. Kwa mwenye kisu, tabia hiyo hiyo ni hasara. Kisu kilichorudishwa kikiwa kimelowa ndani ya ala hutoka na madoa meusi, kisha kutu. Mvuvi anayekilaza kisu chake katika ala usiku kucha atakilaumu chuma, ilhali kosa ni la unyevu. Kisu hukauka nje ya ala.

Unene unaofaa kwa kisu cha kawaida ni milimita 3 hivi, nao huchukuliwa sehemu ya mgongo, ambako nyuzi za ngozi zimeshikamana. Ngozi ya tumbo hunyumbuka mno, na ala yake hulegea baada ya miezi michache. Tatizo la ngozi za Tanzania limeelezwa mara nyingi na wataalamu wa mifugo: chapa za moto zilizopigwa mahali pabaya, makovu ya kupe na miiba, na mikato ya kisu cha mchunaji. Fundi wa mikoba huzikimbia ngozi hizo. Fundi wa ala anaweza kuzinunua, kwa kuwa kipande anachokihitaji ni kidogo, na zaidi ya hapo, kovu lililokaa mahali panapofaa ndipo anapokata dirisha. Huu ni uchumi mdogo lakini wa kweli, na kwa maoni ya mwandishi ndio uliolifanya pambo hili listahili kuitwa ufundi badala ya urembo mtupu.

4.0 Kukata, kupachika na kushona

4.1 Kiolezo

Kazi huanza katika karatasi ngumu. Kisu hulazwa juu yake, mzunguko wake huchorwa, kisha upande wa makali huongezwa milimita 12 hadi 15 kwa ajili ya mshono. Ala inaweza kuwa ya kipande kimoja kilichokunjwa upande wa mgongo wa kisu, au ya vipande viwili vilivyoshonwa pande zote. Kwa ala yenye dirisha vipande viwili ni bora, kwa sababu uso unaweza kufanyiwa kazi ukiwa bapa mpaka dakika ya mwisho.

Kati ya uso na mgongo wa ala, kufuata mstari wa makali, huwekwa ukanda mwembamba wa ngozi ya unene uleule. Ukanda huu wa kati hauonekani isipokuwa kwa mtu anayeutazama ukingo, lakini ndio unaotenganisha ala ya kweli na mfuko wa ngozi. Pasipo ukanda huo, makali husugua uzi kila kisu kinapoingia na kutoka. Pakiwa na ukanda, makali hukutana na ngozi, na uzi hukaa nyuma yake salama. Ala nyingi zinazopasuka hupasukia hapo, na sababu karibu daima ni kwamba fundi aliona ukanda huo ni kupoteza ngozi.

4.2 Dirisha

Dirisha hukatwa katika uso wa ala kabla ya kushona chochote. Linapaswa kukaa mbali na mstari wa mshono wa pembeni, angalau milimita 10, la sivyo mistari miwili ya matundu hukaribiana na ngozi iliyo katikati yake huchanika kama karatasi ya stempu. Pembe zake huviringishwa. Dirisha lenye pembe kali huanza kupasukia pembeni, maana ndipo mvuto wote wa ngozi unapokusanyika. Umbo la jani au la yai refu hudumu kuliko mstatili, na hulingana na umbo la ubapa.

Baada ya kukata, ukingo wa dirisha hupunguzwa unene kutoka upande wa nyama, yaani upande wa chini, hadi ukingo wenyewe ubaki na theluthi ya unene. Hatua hii huamua mengi. Ukingo mnene hufanya dirisha lionekane kama shimo, na ngozi ya nyoka huonekana kama imezama kisimani. Ukingo mwembamba hukaa juu ya ngozi ya pili bila ngazi, na kidole kikipita hakikwami.

Ngozi ya kupachikwa hukatwa ikiwa kubwa kuliko dirisha kwa milimita 8 hadi 10 kila upande. Ngozi ya nyoka ni nyembamba mno, haina uzito wa kujibeba yenyewe, na ikiachwa peke yake hubonyea. Kwa hiyo nyuma yake huwekwa mto: kipande cha ngozi nyembamba ya ng'ombe kilichokatwa kwa umbo la dirisha lenyewe, kidogo kidogo kuliko dirisha. Mto huisukuma ngozi ya nyoka mbele hadi ilingane na uso wa ala au iinuke kwa unywele. Gundi hupakwa pembezoni na kwenye mto, si kwenye magamba. Halafu nyuma ya yote hubandikwa bitana ya ngozi ya mbuzi, ili ubapa wa kisu usiguse kazi hiyo kutoka ndani.

Mwelekeo wa magamba ni jambo ambalo mwanafunzi hulikosea mara ya kwanza. Magamba ya nyoka hulaliana kama vigae, na ukingo ulio huru wa kila gamba huelekea mkiani. Ala inaponing'inia kiunoni, mkono na nguo huipitia kutoka juu kwenda chini. Ni lazima basi upande wa kichwa cha nyoka uelekee mdomo wa ala na upande wa mkia uelekee ncha. Ukigeuzwa, kila mpito wa mkono huinua magamba, na mwaka hauishi kabla dirisha halijawa na vipara. Kwa chatu kuna pia suala la michoro: mabaka ya mgongoni ni makubwa kuliko dirisha lenyewe, kwa hiyo fundi huchagua ama kuweka baka moja katikati, ama kutumia magamba ya ubavuni ambayo rangi yake ni tulivu zaidi.

4.3 Mshono

Mshono wa kuzunguka dirisha hupita milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Kwanza huchorwa mfereji mdogo ili uzi uzame na usisuguliwe, ndipo matundu hutobolewa kwa msharasi kwa nafasi zinazolingana. Uzi hupakwa nta ya nyuki.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili katika uzi mmoja: kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kila upande. Cherehani haishoni hivyo. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazokutana na kufungana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Katika mshono wa sindano mbili, uzi ukikatika mahali pamoja, ule unaopita kinyume chake huendelea kushika. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuishona ala kwa mkono, na haina uhusiano na mapenzi ya mambo ya kale.

4.4 Kulowesha na kufinyanga

Ala ikishashonwa pembeni, hulowekwa kwa maji ya uvuguvugu, kisu hufungwa katika nailoni na kuingizwa ndani, na ngozi hufinyangwa kwa vidole na kwa mfupa au mti laini hadi ifuate mpini na bega la kisu. Hapa dirisha huleta taabu. Ngozi ya nyoka haipendi maji mengi, na joto huikunja kabla halijamdhuru ng'ombe. Njia ya salama ni kulipanga dirisha katika sehemu ya ala iliyo bapa, mbali na mpini, na kulowesha mdomo na mgongo tu kwa kitambaa. Ala hukaushwa kivulini. Ikishakauka, ukingo wake husuguliwa kwa maji na mti laini hadi ung'ae, halafu hupakwa nta. Yaliyobaki, yaani kitanzi cha mkanda na kishikizo cha mpini, hayana la kueleza zaidi ya kwamba yashonwe kabla ala haijafungwa.

5.0 Chatu katika fikra za watu wa ziwani

Ngozi ya nyoka haikuingia katika kazi za mikono za Afrika kwa bahati. Nchini Sudani ala za visu vya mkononi zimevikwa ngozi ya mamba na kenge. Katika mwambao wa ziwa hili hili, upande wa Uganda, ngoma ndefu ya engalabi huwambwa ngozi ya kenge, iliyobanwa kwa vigingi vidogo vya mti. Fundi wa ngoma hutafuta kitu tofauti na fundi wa ala. Yeye huitaka ngozi mbichi iliyokaushwa, ngumu na yenye mlio. Ngozi hiyo ikiwekwa katika ala ingevuta unyevu, ingenuka na kuliwa na wadudu. Ala huhitaji ngozi iliyosindikwa.

Chatu, hata hivyo, si kenge. Pande zote tatu za ziwa zina kumbukumbu zake. Katika Usukuma kuna chama cha Bayeye, waganga na wachezaji wa nyoka, ambao elimu yao ya dawa za sumu ilimvutia Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, akaandika juu yao katika jarida la African Studies mwaka 1946. Ngoma ya nyoka ya Bagoyangi huchezwa hadi leo, na kituo cha utamaduni cha Bujora huko Kisesa, kilichoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kimeihifadhi pamoja na sherehe za Bulabo za kila Juni. Upande wa magharibi, John Roscoe katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda aliandika habari za Selwanga, chatu mtukufu wa Buddu, aliyetunzwa katika nyumba yake na kunyweshwa maziwa, ambaye wavuvi walimwendea wapate samaki. Upande wa mashariki, huko Nyakach nchini Kenya, chatu aitwaye Omieri alihusishwa na mvua na mavuno. Alipoungua kwa moto mwaka 1987 alipelekwa Nairobi kutibiwa, na habari zake zikawa habari za taifa.

Mifano hii mitatu ina jambo moja la pamoja ambalo fundi hana budi kulitafakari: katika yote, chatu ana thamani akiwa hai. Mchezaji wa Bagoyangi humbeba mabegani, kuhani wa Selwanga humlisha, watu wa Nyakach humsubiri arudi. Kudai kwamba kipande cha ngozi yake kilichobandikwa kwenye ala ni "utamaduni wa ziwani" ni kugeuza mambo. Ni pambo zuri, nalo lisiazimiwe heshima isiyo yake.

6.0 Ala kama nyara

Upande wa sheria ni mfupi na mkali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikomei kwa tembo na faru. Mnyama katika sheria hiyo ni kila mnyama asiyefugwa, mwenye uti wa mgongo au asiye nao. Nyara ni mnyama huyo, hai au mfu, na sehemu yake yoyote, ikiwemo ngozi. Na kitu kilichotengenezwa kutokana na nyara hakiachi kuwa nyara kwa kuwa kimeshonwa vizuri. Kifungu cha 86 kinakataza kumiliki, kununua au kuuza nyara za Serikali kinyume cha sheria. Makosa ya namna hii hushtakiwa pia kama uhujumi uchumi, na hukumu ya kifungo cha miaka 20 jela imekuwa ikitolewa na mahakama za Tanzania mara nyingi.

Mtu anaweza kupinga kwamba hakumwua nyoka: alimkuta amekanyagwa na lori barabara ya Musoma, au aliokota gamba alilojivua. Utetezi wa kwanza hausaidii, kwa kuwa kosa ni la kumiliki, wala halihitaji kuua. Wa pili una kasoro ya kiufundi kabla ya ile ya kisheria. Gamba lililovuliwa ni tabaka la juu tu, kavu na angavu, lisilo na nyuzi za ngozi chini yake. Katika dirisha la ala halidumu. (Ni ajabu kidogo kwamba maneno "kujivua gamba", yaliyovuma katika siasa za nchi mwaka 2011, yalichukuliwa kuwa ishara ya mabadiliko makubwa, ilhali nyoka akishajivua gamba hubaki na ngozi yake yote.)

Zipo njia halali, yaani leseni ya kufanya biashara ya nyara na hati ya umiliki, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ndiyo inayosimamia shughuli hizo. Ni njia iliyopangwa kwa wafanyabiashara, si kwa mtu mwenye msharasi na meza chini ya mwembe. Zaidi ya mpaka, chatu wote wa Afrika wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Mgeni anayeinunua ala yenye ngozi ya chatu Mwanza na kuitia katika begi la ndege huenda akanyang'anywa uwanjani, na swali la kwanza ataloulizwa ni nani aliyemuuzia.

7.0 Ngozi ya sangara katika dirisha lile lile

Sangara, Lates niloticus, aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zikatoweka, na viwanda vya minofu vikajengwa. Minofu ikienda Ulaya, vichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki, na ngozi hubaki pia. Huko Kisumu, upande wa Kenya, ngozi hizo zimesindikwa na kutengenezewa viatu na mikoba. Jambo linalowezekana kwa kiatu linawezekana zaidi kwa dirisha la ala, ambalo halikanyagwi.

Kwa muundo wake, ngozi ya samaki ina nguvu isiyotarajiwa. Nyuzi zake zimepangwa kwa matabaka yanayokingamana, hivyo huwa imara kuliko unene wake unavyoonyesha. Udhaifu wake ni joto. Protini ya ngozi ya samaki huharibika katika joto dogo kuliko ya ng'ombe, na maji ya moto kidogo tu huigeuza kuwa gundi. Kanuni ya karakana ni rahisi: maji yasizidi uvuguvugu ambao mkono hauusikii.

Usindikaji wake unaweza kufanyika kwa ndoo. Ngozi huoshwa kwa chumvi, nyama iliyobaki hukwanguliwa kwa kisu butu, na magamba huondolewa. Hulowekwa katika maji ya chokaa hafifu kwa siku moja au mbili ili nyuzi zifunguke na mafuta yalegee, halafu huoshwa sana, na kusuuzwa katika maji ya ndimu au siki iliyozimuliwa ili kuondoa chokaa. Sabuni hutumika tena hapa. Fundi akifanya haraka katika mafuta, atajuta: mafuta yanayobaki huchacha ndani ya ngozi, na ala itanuka Mwaloni nzima hata ikiwa imefika Dodoma. Ndipo ngozi huingizwa katika tanini, kwanza iliyo nyepesi, kisha nzito siku hadi siku. Tanini nzito tangu mwanzo hukaza uso na kuacha kiini kibichi. Ili kujua kama kazi imekamilika, ukingo hukatwa kidogo; rangi ikiwa moja kutoka uso hadi chini, imeiva. Mwisho hupakwa mafuta, na hunyooshwa kwa mkono mara kwa mara inapokauka, ili isiwe ngumu kama ubao.

Katika dirisha, kanuni zote za sehemu ya 4.2 hubaki, na mbili hurekebishwa. Mto huweza kuwa mwembamba zaidi, maana sehemu ya mgongo ya ngozi ya sangara mkubwa ni nene kuliko ngozi ya nyoka. Mwelekeo hubaki ule ule: vifuko vilivyoachwa na magamba hufunguka kuelekea mkiani, na mkia uelekee ncha ya ala. Michoro ndiyo iliyo tofauti kweli. Sangara hana mabaka ya chatu. Ana wavu wa vifuko vinavyopungua ukubwa kuelekea tumboni, ambao rangi nyeusi ya chuma na siki hutulia ndani yake na kuacha kingo zikiwa kahawia. Anayetaka baka la chatu atavunjika moyo. Anayetaka uso wenye uhai chini ya kidole atapata. Yafaa pia ngozi itoke kwa samaki halali, kwa kuwa kanuni za uvuvi zinakataza sangara wa chini ya sentimeta 50, na kwa bahati njema ngozi ya samaki mdogo haina faida kwa fundi.

Suala linalobaki ni la uaminifu sokoni, kwa sababu ala ya sangara ikiitwa ya chatu ili ipandishwe bei, fundi amejitafutia kesi bila kuua nyoka. Mnunuzi, au askari anayekagua, anaweza kutofautisha kwa ukucha na kwa jicho. Ukucha ukipitishwa kutoka upande wa ncha kwenda mdomoni, gamba la nyoka huinuka ukingo wake. Katika ngozi ya sangara hakuna gamba la kuinuka: ukucha huingia katika kifuko kilicho wazi, chenye mdomo laini wa ngozi. Katika ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba kwa mashine, ukucha hauinui wala hauingii popote, vinyweleo vya ng'ombe huonekana ndani ya kila "gamba", na mchoro hujirudia ule ule baada ya kila sentimeta kadhaa.